Bendi Mbili, Santuri Moja: Moja Ikafika Stadium, Ingine Ikabaki Underground. Nani Alishinda?

Wacha nianze na kitu unajua. Uko kwa local na mabeshte, mechi imeshika moto, timu inafunga, halafu stadium mzima unaanza kuimba ile sauti: pooo, po po po po, pooo, pooo. Hata msee ambaye hajawahi kuskiza rock maishani anaimba. Hakuna maneno, hakuna lugha, lakini kila mtu anajua.

Sasa hiyo sauti ni gita. Inatoka kwa ngoma inaitwa Seven Nation Army ya The White Stripes, bendi ya watu wawili kutoka Detroit, Marekani. Ilitoka 2003. Mashabiki wa Club Brugge kutoka Ubelgiji ndio waliingiza hiyo ngoma kwa ball walipoenda kucheza na AC Milan Oktoba 2003. Wakarudi nayo nyumbani. Mashabiki wa Roma wakaiskia huko Bruges 2006, wakaibeba, na Italia iliposhinda World Cup mwaka huo huo, haikuwa tena ngoma ya bendi. Ilikuwa ya kila mtu.

Novemba 2025, The White Stripes wakaingizwa Rock and Roll Hall of Fame, mwaka mmoja na Outkast. Jack White alifika. Meg White, yule wa drams, hakuonekana.

Hadi hapo tuko pamoja. Sasa shika hii ambayo wengi hawajui. Mwaka 2000, kabla ya hizo heshima zote, hao wawili walitoa santuri ndogo ya inchi saba iliyokuwa inakuja na Multiball, jarida la mashabiki wa mashine za pinball. Na hawakuwa peke yao kwa hiyo santuri. Upande mmoja ulikuwa na ngoma yao, Hand Springs. Ukigeuza, unapata bendi ingine ya Detroit hiyo hiyo, The Dirtbombs, na ngoma yao Cedar Point '76.

Bendi moja iko Hall of Fame. Hiyo ingine, uliza mabeshte zako kumi kama kuna mmoja anaijua. Santuri ni moja, mji ni mmoja, mwaka ni mmoja. Nini ilifanyika hapo katikati?

Kwanza, split ni nini?

Split ni pale bendi mbili zinagawana santuri moja, kila moja na upande wake. Usichanganye na collabo. Kwa collabo unaingia ndani ya ngoma ya mwenzako na mnatoka na kitu kimoja. Kwa split kila mtu anabaki kwake. Ni kama kushare keja: rent mnagawana, lakini kila mtu na sufuria yake.

Kwa wasanii wa underground hii ni hesabu rahisi. Kutengeneza santuri ni doh, na mkiwa wawili mzigo unapungua. Halafu shabiki wa ile bendi ingine akinunua, amekupata wewe bila kukutafuta. Ubaya ni kwamba hakuna pa kujificha. Mtu akimaliza upande wako anageuza hapo hapo, na ndani ya dakika sita amejua nani aliingia studio akiwa serious na nani alikuja kupoteza wakati.

Na garage rock? Jina linatoka kwa vijana wa Marekani wa miaka ya 60 waliokuwa wakipractice kwa garage ya wazazi, pale gari inalala. Gita chafu, kurekodi haraka, makosa yanaachwa hivyo hivyo. Kama ulikuwa unafuata gengetone ikianza 2018, unajua hiyo feeling: budget kidogo, energy mingi, na hakuna mtu anakuomba ruhusa.

Lakini "chafu" haimaanishi zote zinafanana. Hapo ndipo hii santuri inakuwa tamu.

Upande mmoja: wasee wawili, rangi tatu, besi sufuri

Kabla ya umaarufu, Jack White alikuwa fundi wa sofa. Ukweli. Alikuwa na biashara yake ya kuvalisha viti, inaitwa Third Man Upholstery. Show ya kwanza ya The White Stripes ilikuwa Julai 1997 kwa klabu ndogo ya Detroit inaitwa Gold Dollar. Jack kwa gita na sauti, Meg kwa drams. Basi. Hakuna besi, hakuna kinanda cha kujaza nafasi, hakuna msee wa tatu.

Na walijiwekea sheria. Nguo ni nyekundu, nyeupe na nyeusi peke yake. Hadithi ni moja: sisi ni ndugu na dada. Kumbe walikuwa wameoana 1996 na wakaachana 2000, mwaka ule ule wa hii santuri. Lakini hadithi ilishika, na watu walikuwa wanabishana kuihusu kabla hata waskize ngoma. Kama unadhani kiki zilianzia Nairobi, pole.

Hiyo sheria ya kupunguza ndio iko kwa muziki. Kwa Hand Springs, gita inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Jack anaongea mbio, karibu kama anarap, akisimulia date ya bowling na mambo ya pinball. Ndio maana ngoma ilifit kwa hilo jarida. Ukiskiza vizuri utagundua kitu inakushika ni ule unyamavu kati ya mapigo. Unangoja gita irudi, na mwili wako unajiandaa.

Hapo Meg ndiye engine. Kwa miaka mingi watu walimcheka ati anapiga drams kama mtoto, ati hajui. Lakini jaribu kufikiria hizo ngoma na drama anayejaza kila nafasi na mbwembwe. Zingekufa. Meg aliacha nafasi, na kuacha nafasi inahitaji roho ngumu kuliko kuijaza.

Upande wa pili: drams mbili, besi mbili, na sauti ya soul

Geuza santuri. Hapa unakutana na Mick Collins, mwanaume mweusi wa Detroit mwenye sauti ambayo ingetoshea kanisani au kwa rekodi za zamani za soul. Bendi yake The Dirtbombs ilipangwa kama utani: gita moja, besi mbili na madrama wawili. Besi moja inashikilia ngoma, hiyo ingine imepitishwa kwa kifaa cha kuikwaruza hadi inalia kama nganya iliyotoboka egzosi. Madrama wawili wanagonga pamoja hadi unaskia kwa kifua kabla ya masikio.

Jina la ngoma yao kwa hiyo split, Cedar Point '76, linatoka kwa Cedar Point, uwanja mkubwa wa michezo na maroller coaster huko Ohio, kando ya Ziwa Erie. White Stripes wanakupeleka bowling, Dirtbombs wanakupeleka kwa maroller coaster. Mada ni hiyo hiyo ya kijana anayetafuta raha wikendi, lakini mkono wa kupika ni tofauti.

Ukiweka hizo bendi mbili kando kwa kando, hesabu ni hii: The White Stripes wanatoa, The Dirtbombs wanaongeza. Mmoja anakupa chumba kisicho na fanicha ili uskie mwangwi. Mwingine anakuingiza kwa mat ya saa moja jioni, watu wamejaa hadi mlangoni, na bado konda anaita.

Na Collins hakukaa sehemu moja. The Dirtbombs ilianza kama bendi ya kutoa singo tu. Albamu zilipokuja, kila moja ilichukua njia yake. 2001 walitoa Ultraglide in Black, karibu yote ni ngoma za wasanii weusi wakubwa kama Stevie Wonder, Marvin Gaye, Curtis Mayfield na Sly and the Family Stone, zikapigwa upya kwa gita chafu. 2011 wakatoa Party Store, ambayo ni techno ya Detroit ikipigwa na bendi ya rock. Ndio, techno. Huo muziki wa klabu ulizaliwa Detroit na vijana weusi miaka ya 80, na Collins alitaka ukumbuke hilo.

Hapo ndipo mimi humheshimu sana. Alikuwa anasema kitu bila kuhubiri: soul, rock na techno ni watoto wa nyumba moja, na hiyo nyumba iko Detroit.

Plot twist: mwalimu alikuwa upande wa pili

Kama ulikuwa umeanza kusema White Stripes ndio waliogundua bendi bila besi, shikilia kiti.

1986, zaidi ya miaka kumi kabla ya Jack na Meg kupanda jukwaani, Mick Collins alikuwa kwa bendi inaitwa The Gories. Watu watatu: yeye na Dan Kroha kwa gita, Peggy O'Neill kwa drams. Besi hakuna. Drams ni za kimsingi kabisa. Blues ya zamani ikapigwa kama watu wamekasirika. Walianza wakiwa hawajui vyombo vizuri, na hawakuona hiyo kama sababu ya kungoja.

Rudia hiyo list polepole. Detroit. Blues. Bila besi. Mwanamke kwa drams, anapiga simple. Unaona?

Sisemi White Stripes waliiba. Muziki huenda hivyo: mtu anafungua mlango, mwingine anapita na suti nyekundu na kamera ziko. Na Jack hajawahi kuficha kwamba Detroit ilimlea. Lebo yake, Third Man, imetoa kazi za The Gories. Lakini ukijua hii stori, ile split inabadilika kabisa. Sio mgeni na mgeni wamegawana santuri. Kwa upande mmoja kuna kijana amebeba wazo la bila besi, na kwa upande wa pili kuna yule aliyefanya hilo wazo kitambo, akalichoka, akaenda kuongeza besi mbili.

Na kuna ingine ya kuchekesha. Ile sauti ya stadium, ile kila mtu anadhani ni besi? Sio besi. Ni gita ya Jack imepitishwa kwa pedali ya kushusha sauti chini. Bendi iliyokataa besi ilipata hit kubwa zaidi kwa kujifanya ina besi. Collins lazima alitabasamu.

So mbona mmoja tu ndiye aliblow?

Hapa ni maoni yangu, na unaweza kukataa.

Kwanza, picha. The White Stripes unaweza kuwachora na kalamu mbili. Watu wawili, rangi tatu, stori moja. Mtu akiwaona mara moja hawasahau. The Dirtbombs ni watu watano na albamu ambazo hazifanani. Ukipenda ile ya soul, unanunua inayofuata unakuta mambo mapya. Kwa shabiki wa kweli hiyo ni zawadi. Kwa msee wa lebo anayetaka kukuuza, ni maumivu ya kichwa.

Pili, wakati. 2001 magazeti na redio za Uingereza zilikuwa zinatafuta bendi za gita, The Strokes wakatoka mwaka huo, na The White Stripes wakawa na albamu mpya, White Blood Cells, mkononi. Mlango ukafunguliwa na wao wakawa wamesimama hapo hapo na nguo zimepigwa pasi.

Tatu, hesabu ya barabara, na hii wasanii wa hapa wataielewa haraka. Chukua promota anayekulipa elfu hamsini kwa show. Watu wawili wanaenda nyumbani na 25 kila mmoja. Watano wanaenda na 10, na hapo bado fare, chakula na mahali pa kulala watu watano. Bendi ndogo inaweza kukaa barabarani muda mrefu bila kufa njaa. Uamuzi wa kimuziki ukawa uamuzi wa biashara bila mtu kupanga.

Nne, na hii watu hupenda kuiruka. Rock ilijengwa na watu weusi. Chuck Berry na Bo Diddley hawakuwa wageni kwa hiyo nyumba, walikuwa mafundi waliojenga msingi. Lakini ukifika miaka ya 2000, mweusi akisimama mbele ya bendi ya rock anaonekana kama amepotea njia. Msee rocker hapa Nairobi anajua hilo swali: "Mbona unaskiza muziki wa wazungu?" Collins alijibu kwa kutoa Ultraglide in Black. Jibu lilikuwa zito. Soko halikuwa linauliza.

Santuri ikarudi, upande mmoja haukurudi

Sasa hii ndio ilinifanya niandike. 2012, siku ya Record Store Day, Third Man ilitoa tena Hand Springs kwa inchi saba. Ukiigeuza hiyo mpya, haukuti Cedar Point '76. Unakuta ngoma ingine ya White Stripes, Red Death at 6:14.

Usianze kutafuta beef. Kwa split, kila bendi ina haki na upande wake, so White Stripes walichukua wao wakaenda nao. Na pia hao ni familia: Ben Blackwell, mmoja wa madrama wa The Dirtbombs, ni mpwa wa Jack White na amefanya kazi Third Man miaka mingi. Hakuna mtu alimwonea mtu.

Lakini angalia vile historia hufutwa. Hakuna mtu hukuja na rungu. Mtu anatoa kitu upya, anaacha nusu moja nje, na miaka kumi baadaye kijana anadhani hiyo ngoma ilikuja peke yake. Upande wa jirani unapotea bila kelele.

Na kuna kesi pia. Jim Diamond alikuwa mpiga besi wa The Dirtbombs, na pia mwenye studio ya Ghetto Recorders huko Detroit, ambapo kazi ya albamu ya kwanza ya White Stripes ilifanyika. Baada ya bendi kuwa kubwa, Diamond alienda kortini akidai anafaa kulipwa mirabaha kwa albamu mbili za kwanza, juu ya kazi aliyofanya studio. Juni 2006, jury huko Detroit ikaamua upande wa The White Stripes. Kesi ikaisha hivyo na mimi sirudishi mkono wa korti.

Kitu mimi hujifunza hapo ni kingine. 1999 hakuna mtu kwa hiyo studio alikuwa anafikiria mamilioni. Walikuwa mabeshte wanatengeneza kelele. Na hiyo ndio siku ya kuandika karatasi: nani ametunga, nani ameprodyuz, nani anapata asilimia ngapi. Ngoma ikishafika stadium, kila mtu anakumbuka vile alisaidia, na kila mtu anakumbuka tofauti. Kama wewe ni msanii au prodyuza hapa, ongeeni mkiwa bado mnakula smokie moja watu wawili. Andikeni, mweke sahihi, na kazi mnaweza kuisajili na KECOBO. Mkishindwa kuandika mkiwa marafiki, mtaandikiwa na wakili mkiwa maadui.

Nani alishinda?

Ukiuliza Hall of Fame, jibu unalo. Ukiuliza stadium, pia.

Lakini mimi nimeskiza hizo pande mbili mara nyingi wiki hii, na sioni mshindi kwa santuri yenyewe. Naona njia mbili za kuwa msanii. Moja inasema chagua vitu vichache, vishikilie hadi dunia ikujue navyo. Ingine inasema nimekuja kucheza kila kitu mji wangu ulinifunza, na kama hujui pa kuniweka, hiyo ni shida yako. Ya kwanza inalipa vizuri kama wakati uko upande wako. Ya pili inakupa miaka mingi ya kutochoka na muziki wako. Collins alitoka bila besi akafika besi mbili, akapita soul hadi techno. White Stripes walifunga kazi 2011 na zile rangi tatu zikiwa hazijabadilika.

Kitu sitaki ni wewe ubaki na nusu ya stori. So wikendi hii, kabla ya kurudi kwa playlist yako ya kila siku, fanya hivi. Anza na Hand Springs, ifuatishe na Cedar Point '76 bila kupumzika, vile mtu wa 2000 alikuwa anageuza santuri. Halafu tafuta Houserockin' ya The Gories ya 1989 uskie mbegu. Malizia na Ultraglide in Black, volume juu, na uombe msamaha kwa jirani mapema.

Na siku ile ingine uko kwa local, stadium ikianza pooo, po po po po, imba na wengine. Alafu geukia beshte yako umwambie hiyo gita ilikuwa na jirani, na jirani anaitwa Mick Collins.

Wewe ungekuwa kwa hiyo santuri, ungekaa upande gani: ule wa kutoa ama ule wa kuongeza?